Ugomvi wa mbao wa Marekani na Kanada, sisi wa Mwanza unatugusa au ni habari za mbali?

MamaKenchi

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye uelewa mnisaidie. Nina kibanda cha mbao hapa Nyakato, nauza mbao za paa (kenchi, papi, fisha bodi) na zile za kumwagia zege, wateja wangu wengi ni mafundi na watu wanaojenga huku Buswelu, Kisesa na Usagara. Sasa kila nikifungua redio nasikia Marekani kaongeza ushuru kwenye mbao za Kanada, Kanada kalalamika, Marekani kaongeza tena, na hawa ni majirani wana mpaka mmoja mrefu na wamefanya biashara toka enzi za mababu.

Kwa kweli nikisikia neno mbao na neno ushuru yako pamoja moyo unaenda mbio, maana nakumbuka vizuri Kenya walivyofunga misitu yao ile 2018, sisi hatukuwemo kwenye maamuzi yao lakini hapa yadi tuliisikia, mbao nzuri zikawa zinapotea kabla hazijatufikia na zinazotufikia bei mpya kila mzigo. Mteja umeshampa bei ya kenchi ya nyumba nzima, kaenda kukusanya hela, anarudi unamwambia imepanda, anakuona mwizi.

Kwa hiyo naomba kueleweshwa, wale wanagombania nini hasa mpaka hawamalizani? Nani anaumia? Na je, hapa Afrika Mashariki tunaweza kufikia kule, Tanzania na Kenya au Uganda tukaanza kupigana ushuru wa mbao? Nina wateja watatu wa mapaa wanasubiri bei zangu na naogopa kuandika namba.

Mwananzengo

Dada MamaKenchi pole kwa mawazo, hili suala nimelifuatilia muda kwa hiyo nivumilie nitaandika refu.

Chanzo cha ugomvi wao ni mti ukiwa bado umesimama, mbao zinakuja baadaye. Kanada karibu asilimia 90 ya misitu ni mali ya umma, na serikali za majimbo ndo zinapanga kampuni ikikata mti ilipe kiasi gani. Marekani misitu mingi inayotoa mbao ni ya watu binafsi, mwenye shamba anauza kwa mnada au kwa kupatana na mwenye dau kubwa ndo anachukua. Sasa wenye viwanda vya kupasua mbao vya Marekani wanasema serikali za Kanada zinauza miti kwa bei ya kutupa, kwa hiyo mbao zao zikivuka mpaka zinakuwa na ruzuku ndani yake. Kanada wanakataa, wanasema msitu ni wetu na bei yetu inafuata soko, sema nyie mnataka mbao zenu zipande bei.

Kesi ya kwanza ilifunguliwa 1982 na mwaka uliofuata serikali ya Marekani yenyewe ikaamua hakuna ruzuku ya kutoza ushuru. Ungedhani limeisha. 1986 wakafungua tena, safari hii wakakubaliana Kanada wajitoze wenyewe kodi ya asilimia 15 kwenye mbao zinazotoka. 1991 Kanada wakajitoa, ugomvi ukarudi, 1996 wakaandikiana mkataba wa miaka mitano, ulipoisha 2001 wakarudi mahakamani na 2002 Marekani ikaweka ushuru wa kama asilimia 27. Ikaenda hivyo mpaka 2006, na hapa ndo nataka usome vizuri: hela iliyokuwa imekusanywa mpakani ilifika kama dola bilioni 5, mkataba mpya ukasema Kanada warudishiwe bilioni 4 na bilioni 1 ibaki Marekani. Yaani umebishana, umeshinda shinda kesi kadhaa, alafu ili uishi kwa amani unaacha bilioni nzima mezani.

Mkataba wa 2006 ukaisha Oktoba 2015 na toka 2017 wamo ndani ya awamu ya tano ya ugomvi uleule. Ushuru ulianza kama asilimia 20, ukashuka chini ya 9 mwaka 2020, ukapanda karibu 18, ukashuka kwenye 8, 2024 ukawa 14, Agosti 2025 ukaruka mpaka 35, alafu Oktoba 2025 ikaongezwa asilimia 10 nyingine juu yake kwa hoja ya usalama wa taifa. Jumla ikawa 45. Hizo asilimia 10 hazikuwalenga Kanada peke yao, zinagusa nchi nyingi, ila Kanada ndo wanaopeleka mbao nyingi kuliko wote, karibu robo ya mbao laini (za miti kama paini) zinazotumika Marekani zinatoka kwao, kwa hiyo maumivu ni ya kwao kwanza.

Alafu kuna kitu watu wengi hawakijui. Ile hela inayolipwa mpakani inashikwa kama dhamana mpaka kesi iishe na kesi zinachukua miaka. Kampuni kubwa inavumilia, ina mtaji na benki inamuamini. Kiwanda kidogo cha familia hela yake ya kununulia magogo imelala mpakani, atawalipa nini wafanyakazi?

Na kampuni kubwa za Kanada kama West Fraser, Canfor na Interfor zilishanunua viwanda kule kusini mwa Marekani, kwa hiyo ushuru ukipanda wanapunguza kazi Kanada na wanaendelea kupasua upande wa pili, ndani ya uzio. Mwenye miguu kahama. Anayebaki ni mji mdogo wa jimbo la British Columbia, Kanada, ambao kiwanda kilikuwa kimoja, mama lishe wake, fundi gereji wake na shule yake vyote vinategemea kile kiwanda. Nisiwe muongo, sio ushuru peke yake uliofunga viwanda kule, kuna mdudu alishambulia misonobari na kugusa zaidi ya hekta milioni 18 za British Columbia, na moto wa misitu umechoma sana, magogo yenyewe yamekuwa haba na ya mbali. Ila kiwanda kinachohangaika na magogo ukikiongezea ushuru wa 45 unakimalizia.

Upande wa Marekani anayeumia ni anayejenga. Wenye viwanda wanafurahia ushuru, wajenzi wa nyumba wanaupinga kila mwaka, na wote ni Wamarekani. Nyumba zao nyingi ukuta na paa ni mbao tupu.

Kuhusu kutugusa sisi moja kwa moja, hapana. Paini ya Mafinga haiendi Marekani na ya Kanada haiji Nyakato.

KijanaWaIgoma

Mi naungana na Wamarekani. Kila nchi ilinde watu wake. Hata sisi tungeweka ngumu pale mpakani Sirari na Namanga, mbao zetu zijenge kwanza nyumba zetu, Mkenya akitaka aje anunue meza na kitanda kilichomalizika tayari, sio kubeba ubao mbichi akatengeneze kwake na kuturudishia sofa. Mafundi seremala wa Igoma, Buzuruga na Mabatini wangepata kazi. Mbona magogo tumezuia kwenda nje na hakuna aliyekufa? Tuendelee mbele na mbao pia.

MulebaPaini

Kaka KijanaWaIgoma, hapo umenigusa pabaya na naomba nikujibu kwa heshima.

Mimi ndo huyo mwenye miti. Nina shamba la paini huku Muleba, nilipanda wakati mwanangu wa kwanza yuko chekechea na sasa yuko chuo, katikati hapo nimepalilia, nimepunguzia matawi, nimelinda moto kila kiangazi, usiku unaona mwanga upande wa mlima unavaa gambuti unaenda, hujui kama utarudi na shamba au majivu. Miaka yote hiyo hakuna senti inayoingia. Mti haukamuliwi kama ng'ombe useme leo nipate kidogo. Unavuna mara moja.

Sasa siku ya kuvuna inafika unataka unifungie mnunuzi ili fundi wa Igoma apate mbao rahisi. Nakuelewa, fundi naye ana watoto. Lakini ukimfukuza mnunuzi mmoja, yule aliyebaki anakuja shambani amekunja mikono anasema nakupa hii, hutaki acha. Hiyo tofauti ya bei anaibeba nani? Ni mimi. Yaani serikali ingekuwa imeamua kumsaidia fundi kwa hela ya mfukoni kwangu bila kuniuliza.

Toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 lori langu halilali tena kwenye foleni ya kivuko, Mwanza imekuwa karibu na natamani sana kuuza Mwanza. Ila niuze kwa sababu Mwanza imenipa bei nzuri, sio kwa sababu nimefungiwa kwingine. Na vijana wa huku wakiona mzee kavuna kapata hasara wanang'oa wanapanda kitu kingine, alafu baada ya miaka 15 mtakuja kuuliza mbao ziko wapi.

DerevaWaSirari

Naomba niongezee hapo kwa Kenya maana nilikuwa barabarani kipindi kile.

Wale walifunga ukataji Februari 2018, wakasema siku 90. Siku 90 zikaisha wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kufungua akiwa Molo. Miaka mitano na kitu. Sababu yao ilikuwa ya kweli kabisa, misitu yao ya vyanzo vya maji ilikuwa inaliwa na mito inakauka, mi siwalaumu kwa hilo. Ila ukipita Elburgon na Molo kipindi kile unaona, ile ni miji ya mbao, viwanda vimefungwa makufuli na vijana wamekaa barazani.

Kenya hawakuacha kujenga lakini. Nairobi na Kisumu maghorofa yaliendelea kupanda, kwa hiyo wanunuzi wakahamia kwetu na Uganda na Kongo. Mafinga wakawa wanafika mpaka shambani kabisa, hawasubiri yadi, wana hela taslimu na wanachukua chochote. Na hapo ndo tatizo la dada MamaKenchi lilipoanzia, maana mwenye shamba akiona hela anakata hata mti ambao haujafika. Nimebeba mbao changa mpaka basi. Unapakia asubuhi zimenyooka, mzigo mzito kama umepakia maji, ukifika Singida na jua lile ukikagua kamba unakuta za juu zimeshaanza kujipinda zenyewe na ukingoni ubao bado una gome.

Makaratasi ya mpakani ni mengi lakini yanajulikana. Kibali cha mavuno, hati ya kusafirishia, risiti ya mashine, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili wa bidhaa kuonyesha ni mali ya Afrika Mashariki, na mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 una utaratibu wake mwepesi. Ukiwa navyo vyote unapita. Shida sio karatasi, shida ni siku unafika unaambiwa kuanzia jana usiku haipiti. Hapo una lori, turnboi, mafuta umeshachoma, na mwenye mzigo anapiga simu kila saa.

Bwana_Miti

Nimesoma misitu na nimefanya kazi kwenye mashamba ya miti, niongezee kitu ambacho nahisi hapa hakijasemwa.

Mwananzengo kaeleza Kanada serikali inapanga bei ya mti uliosimama na Marekani soko linapanga. Sasa jiangalieni sisi. Tanzania tuna mifumo yote miwili ndani ya nchi moja, tena wakati mwingine kuvuka barabara tu. Sao Hill pale Mufindi ni shamba la serikali, kubwa kuliko yote nchini, mvunaji anapewa kibali na analipa mrahaba, yaani malipo ya kukata mti, uliopangwa na kutangazwa na serikali. Hiyo ni Kanada. Ukitoka nje ya mpaka wa shamba unakuta mwananchi wa Mufindi au Njombe ana ekari zake, anauza kwa kupatana na yeyote. Hiyo ni Marekani. Misaji ya Mtibwa na Longuza ndo kabisa, inauzwa kwa mnada na wanunuzi wanatoka nje ya nchi.

Maana yake ni nini? Siku mkulima wa miti wa Kenya akiona mbao za Sao Hill zimejaa Nairobi na zinauzwa chini ya zake, hoja ya kulalamika anayo tayari, anaikopi neno kwa neno kutoka kwa Mmarekani: mti wenu umepangiwa bei na serikali, hiyo ni ruzuku. Na MulebaPaini naye anaweza kuitumia hoja hiyohiyo dhidi ya serikali yake mwenyewe, maana mrahaba wa serikali ukiwa chini yeye hawezi kuuza juu. Ukiwa juu sana viwanda vinalia na dada MamaKenchi analia. Ile namba moja ya mrahaba inagusa watu wote wanne na hakuna ambayo itawafurahisha wote. Ndo maana wale hawajamalizana zaidi ya miaka 40, hawajashindwa akili, kila upande una watu wake wa ndani wanaoumia kweli.

Alafu kuna tofauti moja ambayo naiona ni mbaya kwetu kuliko kwao. Sisi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki toka umoja wa forodha uanze 2005 tunapaswa kuuziana bidhaa zetu bila ushuru wa forodha, na kwa ujumla ndivyo ilivyo. Kwa hiyo ugomvi wetu haupiti kwenye ushuru, unapita kwenye kufunga. Kumbukeni mahindi Machi 2021, Kenya walitoa barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakabaki mpakani, na baada ya siku chache wakalegeza kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua watu. Lakini mkulima na mfanyabiashara hawakupewa muda wa kujipanga.

Asilimia 35 inauma ila ukikaa na kalamu unaweza kuipigia hesabu, unaijua kabla, kuna kipindi cha kutoa maoni, kuna marejeo kila mwaka. Katazo la ghafla huwezi kulipigia hesabu. Mimi kama ningeulizwa tupiganie nini Afrika Mashariki ningesema hilo kwanza: nchi ikitaka kufunga misitu au mpaka, na inaweza kuwa na sababu nzuri kabisa, itoe taarifa miezi kadhaa kabla, na mzigo ulioko njiani upite.

KijanaWaIgoma

Bwana_Miti nimekuelewa, na mzee wa Muleba pia nimekusoma. Bado nashikilia kwamba tukiendelea kuuza ubao mtupu hatutafika. Kwa hiyo fundi seremala asaidiwe na nini kama sio kuzuia?

Bwana_Miti

Mdogo wangu asaidiwe kwenye ukaushaji. Nenda karakana nyingi za Mwanza uangalie, fundi ana mkono mzuri kabisa, anachonga kabati la maana, ila kalitengeneza kwa mbao yenye maji, miezi miwili mlango haufungi. Mteja anasema bora nichukue la mbao za kusaga za kutoka China. Hapo hatujashindwa na Mkenya, tumeshindwa na unyevu. Tanuri moja la kukaushia mbao kwa ushirika wa mafundi wa Igoma lingewasaidia kuliko geti la Sirari, na MulebaPaini asingepoteza kitu.

FundiWaMwaloni

Mnasahau watu wa ziwani. Mimi naunda mitumbwi huku Kirumba, biashara yenu ya mbao kwetu ni uhai wa mtu.

Zamani ubao wa mvule ulipatikana, mtumbwi unakaa miaka. Sasa mbao ngumu ni shida na bei yake mvuvi wa kawaida haiwezi, kwa hiyo watu wanaleta paini wanasema nitengenezee hivyohivyo. Na ikija ile changa aliyoisema dereva, nakwambia huwezi kuikalafati. Unapiga pamba kwenye maungio leo, imekaza vizuri, mtumbwi ukishuka majini ubao unavimba, ukipandishwa juani unasinyaa, pamba inatoka yenyewe, maji yanaingia. Mvuvi yuko mbali na kisiwa usiku anavua dagaa, mmoja anavuta nyavu mwingine kazi yake ni kukumba maji tu mpaka asubuhi.

Serikali inakopesha boti za faiba na ni kitu kizuri, nawapongeza waliopata, ila wengi hawajapata na hawa wanategemea ubao. Kwa hiyo mkizungumzia nchi kufungiana misitu msiishie kwenye mapaa. Kirumba pale dagaa wanaenda Kongo, Rwanda, Kenya, wote hawa wanakula dagaa waliovuliwa na mtumbwi. Mbao ikiharibika kwa sababu Nairobi imefunga msitu, mvuvi wa Ukerewe anaweza kuzama.

Mwananzengo

FundiWaMwaloni asante sana, hilo sikuwa nimelisikia likisemwa hivyo.

Kwa wanaouliza kwanini Kanada hawaendi mahakama ya dunia, walienda. Agosti 2020 jopo la WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani, liliwapa Kanada ushindi kwenye hoja nyingi kuhusu ule ushuru wa 2017. Marekani ikakata rufaa, na chombo cha rufaa cha WTO kilikuwa kimeshakosa majaji wa kutosha toka Desemba 2019, hakiwezi kukaa. Kwa hiyo rufaa imening'inia hewani na ushuru unaendelea. Mwenye haki bila mtekelezaji anasubiri tu. Sisi Mahakama ya Afrika Mashariki tunayo, iko Arusha, na Jumuiya ina sheria ya 2017 ya kuondoa vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru. Sasa nani kati yetu wafanyabiashara wa mbao amewahi kupeleka malalamiko huko kwa maandishi? Wale wenye viwanda wa Marekani ni wachache kuliko wajenzi wa nyumba lakini wamejipanga kwenye umoja wao, wana wanasheria, wanarudi kila mwaka. Sisi kila yadi inalia kivyake.

MamaKenchi

Jamani nimesoma yote mara mbili. Asanteni sana, na mzee wa Muleba nimekuelewa sana, mimi nilikuwa naliangalia upande wa yadi tu, sikuwahi kufikiria anayelinda moto usiku.

Sasa mnisaidie hili la mwisho la kibiashara. Kama ugomvi wa wale haunigusi, kwanini mwaka ule wa 2021 niliona kila mahali wanaandika bei ya mbao duniani imevunja rekodi? Na hizi bei za wateja wangu watatu niandikeje, ninunue mzigo mkubwa sasa hivi niweke au nisubiri?

DerevaWaSirari

Dada usinunue kwa kuogopa redio. Nunua kwa kuangalia mvua. Mufindi mvua ikianza Novemba mpaka Aprili barabara za shambani zinakuwa tope, lori linaingia kwa kuvutwa na trekta, mzigo unachelewa na bei inapanda hata kama dunia nzima haina ugomvi. Ukiwa na hela kidogo nunua kabla ya Novemba. Alafu kutoka Mafinga mpaka hapo kwako ni kilomita kama 1,000, kwa hiyo dizeli ikipanda ndo ushuru wako huo.

Mwananzengo

Ya 2021 ilitokana zaidi na corona. Viwanda vilipunguza kazi mwanzoni wakidhani watu hawatajenga, watu wakakaa nyumbani wakaanza kukarabati na kujenga kwa wingi, Mei 2021 kule Marekani bei ikapita dola 1,600 kwa kipimo chao cha futi elfu moja za ubao, alafu ikaanguka miezi michache tu baadaye. Ushuru uliongezea ila haukuwa sababu kubwa. Waliojaza maghala bei ikiwa juu waliumia, kwa hiyo na wewe usijaze.

Kuhusu wale wateja watatu, waandikie profoma leo na kwenye profoma andika wazi bei hii ni ya siku 14, na anayetaka bei isibadilike alipe nusu sasa hivi, hiyo nusu uinunulie mbao zake hapohapo uziweke pembeni na jina lake, usiizungushe kwenye mzigo mwingine. Zipange na vipande katikati hewa ipite, juu weka mawe mazito, juani usiweke. Akija kuchukua baada ya mwezi atakuta bei ileile na ubao umenyooka. Mteja wa Usagara kama ndo yule wa paa kubwa mwambie pia achague, paini ya shamba la serikali iliyokomaa au ya rahisi, na tofauti uiandike kwenye karatasi asije akasema hukumwambia.

MulebaPaini

Na ukihitaji iliyokomaa, dada, mimi navuna Juni. Njoo uione ikiwa imesimama kwanza, tupatane hapohapo shambani.